Artturi Virtanen, mwanakemia aliyehifadhi majani mabichi kwa ajili ya majira ya theluji

Artturi Ilmari Virtanen, mwanakemia wa Ufini aliyefariki dunia mwaka 1973, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta jibu la swali linalomkabili kila mfugaji: majani yaliyokatwa wakati wa neema yatahifadhiwaje hadi wakati wa dhiki bila kupoteza nguvu yake? Jibu alilolipata lilimletea Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1945. Wafugaji wanaonyunyizia bakteria kwenye malisho ya kuvundika hivi leo, wengi wao bila kulijua jina lake, bado wanaifuata kanuni aliyoithibitisha.

Mtoto wa nchi iliyoijua njaa

Virtanen alizaliwa mjini Helsinki tarehe 15 Januari 1895, wakati Ufini ilipokuwa bado chini ya utawala wa kifalme wa Urusi. Hata miaka thelathini ilikuwa haijatimia tangu njaa kuu ya miaka ya 1866 hadi 1868, iliyoua zaidi ya watu laki moja katika nchi yenye wakazi wachache. Kumbukumbu ya njaa hiyo haikuwa hadithi ya kale, kwa kuwa wazee walioiponea walikuwa bado hai.

Elimu ya shule aliipata Viipuri, mji uliokuwa mashariki mwa Ufini na ambao baada ya vita na Umoja wa Kisovieti uliangukia upande wa pili wa mpaka. Kutoka huko alijiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki, akasoma kemia pamoja na masomo ya viumbe hai. Alipata shahada ya uzamili mwaka 1916 na udaktari wa falsafa mwaka 1919. Katikati ya miaka hiyo mitatu nchi yake ilijitangazia uhuru, Desemba 1917, kisha ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka uliofuata. Kwa hiyo kijana huyo alianza kazi katika taifa changa, maskini na lenye majeraha, ambalo lilihitaji wanasayansi wa kulisaidia kujilisha.

Mwaka 1920 alimwoa Lilja Moisio, wakajaaliwa watoto wawili wa kiume. Katika miaka hiyo hiyo alikwenda kuongeza elimu Zürich nchini Uswisi, kisha Stockholm, mji mkuu wa nchi jirani ya Uswidi. Huko Stockholm alifanya kazi na Hans von Euler-Chelpin, bingwa wa vimeng'enya ambaye mwaka 1929 alikuja kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Virtanen alirejea nyumbani akiamini kwamba mambo ya zizini na ya kiwanda cha maziwa yanaweza kuelezwa kwa lugha ya kemia, na kwamba yakielezwa vizuri yanaweza kurekebishwa.

Katika maabara ya ushirika wa maziwa

Mwajiri wake alikuwa Valio, muungano wa vyama vya ushirika vya maziwa ulioanzishwa mwaka 1905 ili kuuza siagi ya Ufini katika nchi za nje. Virtanen aliingia katika maabara ya muungano huo mwaka 1919, na miaka miwili baadaye akawa mkuu wake. Hakuwa na anasa ya kuchagua maswali yaliyompendeza yeye peke yake. Maswali yaliletwa na wakulima, na majibu yalipimwa sokoni.

Swali mojawapo lilihusu siagi. Shehena zilizosafiri mbali au kukaa ghalani kwa muda mrefu zilipoteza ladha. Virtanen alitambua kwamba uchachu uliomo ndani ya siagi yenyewe ulichangia kuiharibu, akapendekeza iongezwe chumvi ya fosfeti ili kuupunguza. Njia hiyo ilitumika nchini Ufini kwa miongo kadhaa, na chumvi hiyo ikaitwa kwa herufi za mwanzo za majina yake matatu: AIV.

Swali la pili lilikuwa kubwa zaidi, na chimbuko lake lilikuwa baridi. Ufini iko mbali sana kaskazini mwa dunia. Majani huota kwa miezi michache tu, halafu ng'ombe hufungiwa ndani kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Kwa karne nyingi walilishwa nyasi kavu wakati huo wote. Lakini nyasi hukauka vizuri pale tu jua linapowaka. Mvua ikinyesha juu ya nyasi zilizolazwa shambani, virutubisho huoshwa, majani membamba yenye protini nyingi hupukutika, na ukungu huingia. Maziwa ya majira ya baridi yalikuwa machache, na siagi yake ilikuwa nyeupe kwa kukosa karotini, rangi ya manjano ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini A. Mfugaji aliyetaka maziwa zaidi alilazimika kununua vyakula vya protini vilivyotoka nje ya nchi, na faida yote ikaishia hapo.

Vita ndani ya shimo

Njia nyingine ilikuwapo tangu zamani: kuyavundika majani yakiwa mabichi ndani ya shimo au mnara uliozibwa, yaani kutengeneza saileji. Tatizo ni kwamba matokeo yake hayakutabirika. Shimo moja lilitoa malisho mazuri yenye harufu kama ya matunda yaliyochachuka. Shimo la jirani, lililojazwa juma hilo hilo, lilitoa uoza wa kunuka ambao ng'ombe waliukataa. Virtanen alijiuliza ni nini hasa kinachotokea ndani ya shimo hilo.

Majani yakishakatwa hayafi papo hapo. Seli zake huendelea kupumua na kuunguza sukari maadamu kuna hewa, na vimeng'enya vyake huanza kuvunja protini. Hewa ikishakwisha, bakteria waliokuja na majani kutoka shambani huanza kushindana. Kundi la kwanza ni bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa kuwa mtindi ndani ya kibuyu. Hao hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyahifadhi majani kama inavyohifadhi maziwa. Kundi la pili ni bakteria wa asidi ya butiriki, wakazi wa udongo na samadi. Hao hula sukari pamoja na asidi ya laktiki yenyewe, na baadhi ya jamaa zao huvunja protini hadi ikawa amonia. Wakishinda hao, malisho yamepotea.

Kwa mwajiri wa Virtanen, hasara haikuishia zizini. Bakteria wa asidi ya butiriki hutengeneza mbegu ngumu zinazopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa salama, zikaingia kwenye samadi, kutoka hapo kwenye kiwele na hatimaye kwenye ndoo ya maziwa. Joto la kawaida la kusafisha maziwa haliziui. Majuma kadhaa baada ya jibini kubwa la mviringo kuwekwa ghalani liive, mbegu hizo huamka, hutoa gesi, na jibini huvimba, hupasuka na kunuka. Kwa njia hiyo kosa lililofanywa shimoni wakati wa kiangazi lingeweza kuonekana miezi mingi baadaye katika kiwanda cha jibini.

Silaha inayoamua mshindi katika mashindano hayo ni uchachu, ambao wanasayansi huupima kwa kipimo cha pH. Maji safi husimama kwenye 7, na namba inavyozidi kushuka ndivyo uchachu unavyozidi kuwa mkali. Virtanen na wasaidizi wake waligundua kwamba pH ikishuka chini ya 4, upumuaji wa majani husimama, uvunjaji wa protini hukoma kwa kiasi kikubwa, na bakteria wa asidi ya butiriki hushindwa kufanya kazi. Bakteria wa asidi ya laktiki wanaweza kulifikisha shimo kwenye kiwango hicho wao wenyewe, ila huhitaji vitu viwili, muda na sukari. Wakati wanajikusanya, protini inaendelea kupotea, na sukari ikiwa haba huishia njiani.

Asidi yatangulizwa mbele ya bakteria

Hapo ndipo Virtanen alipofanya uamuzi uliomtofautisha na waliomtangulia. Hakuwasubiri bakteria. Majani yalipokuwa yakipangwa shimoni, tabaka juu ya tabaka, yalinyunyiziwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na asidi ya salfuriki uliozimuliwa kwa maji, kwa kiasi kilichopimwa ili pH ishuke mara moja hadi kati ya 3 na 4. Vita vilikwisha kabla ya kuanza. Majani yaliyofunikwa mwezi Juni yalitolewa mwezi Januari yakiwa na sehemu kubwa ya protini na karotini yake. Kufikia mwaka 1928 njia hiyo ilikuwa tayari kuwafikia wakulima, na malisho hayo yakaitwa AIV, kama ile chumvi ya siagi.

Msomaji anaweza kuona ajabu katika jambo hilo. Mtu yule yule aliyeiokoa siagi kwa kupunguza uchachu aliyaokoa majani kwa kuuongeza. Lakini kwake hilo halikuwa na mgongano. Katika kila kitu kinachoharibika alitafuta kiwango ambacho waharibifu hawawezi kukivumilia, akakifikisha kitu hicho hapo.

Njia yake haikukosa dosari. Asidi ya salfuriki ndiyo hiyo inayotiwa ndani ya betri za magari. Ilitoboa nguo, iliunguza ngozi na kula chuma pamoja na saruji ya mashimo. Mkulima alipaswa kujifunza kuishika kwa uangalifu, tena kuwapa ng'ombe chokaa au madini mengine ya kupunguza ukali wa chakula hicho tumboni. Wapo waliotilia shaka kwamba mnyama aliyelishwa asidi angeweza kubaki na afya. Virtanen alizijibu shaka hizo kwa vipimo. Yeye na wenzake waliwafuatilia ng'ombe, maziwa yao na siagi yao, wakaonyesha kwamba wanyama walistawi na kwamba maziwa ya majira ya baridi yalikaribia ubora wa yale ya majira ya malisho.

Nguvu iliyofichika katika vinundu vya mizizi

Sababu ya kuchagua asidi badala ya kutegemea bakteria inaeleweka zaidi tukitazama utafiti wake wa pili. Virtanen alitaka mkulima mdogo wa kaskazini ajitegemee kwa protini. Chanzo cha protini hiyo, kwa maoni yake, kilikuwa klova na mimea mingine ya jamii ya kunde. Mimea hiyo hukaa na bakteria ndani ya vinundu vya mizizi yake, na bakteria hao huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Shamba lenye klova halihitaji kununuliwa naitrojeni ya mfukoni.

Ila mimea ya jamii ya kunde ni migumu kuvundika kuliko mingine yote. Ina protini nyingi na sukari kidogo, na ina kawaida ya kupinga mabadiliko ya uchachu, hivi kwamba asidi nyingi zaidi huhitajika kuishusha pH yake. Ikiachwa mikononi mwa bakteria peke yao, mara nyingi huoza. Kwa njia ya AIV, mmea uliokuwa bora zaidi kwa udongo na kwa ng'ombe uliweza pia kuhifadhiwa. Mawazo hayo mawili, kunde shambani na asidi shimoni, yalikuwa mpango mmoja.

Utafiti wa vinundu ulimshughulisha kwa miongo mingi. Miongoni mwa matokeo yake ni kuthibitisha umuhimu wa rangi nyekundu inayoonekana kinundu kikipasuliwa. Rangi hiyo ni ndugu wa ile ya damu, na Virtanen alionyesha kwamba bila hiyo vinundu havikamati naitrojeni. Mkulima yeyote anaweza kuliona jambo hilo kwa macho: kinundu chekundu ndani ni kinundu kinachofanya kazi.

Mwaka 1931 aliteuliwa kuwa profesa wa biokemia katika chuo cha ufundi cha Helsinki, na mwaka huo huo akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa biokemia aliyoiongoza hadi kifo chake. Mwaka 1939 alihamia Chuo Kikuu cha Helsinki. Kabla ya hapo, mwaka 1933, alikuwa amenunua shamba karibu na mji huo, akayajaribu huko aliyoyagundua maabara.

Nobel baada ya vita

Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliishambulia Ufini. Kwa miaka iliyofuata nchi ilipigana, ikapoteza ardhi, na biashara yake na dunia ikavurugika. Katika hali hiyo, kulisha mifugo kwa kile kilichoota nyumbani hakukuwa tena suala la faida na hasara bali la uhai. Maziwa na siagi vilikuwa akiba ya taifa.

Vita vilipokwisha, mwaka 1945, Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi kilimtunuku Virtanen Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti na uvumbuzi wake katika kemia ya kilimo na lishe, na hasa kwa njia yake ya kuhifadhi malisho. Tuzo ya tiba ya mwaka huo ilikwenda kwa Alexander Fleming, Ernst Chain na Howard Florey kwa ajili ya penisilini. Ulaya iliyotoka vitani, yenye majeruhi na wenye njaa wengi, iliwaheshimu kwa pamoja waliowashinda vijidudu mwilini mwa binadamu na aliyewashinda vijidudu katika shimo la majani. Virtanen alikuwa Mfini wa kwanza kupata Nobel katika fani ya sayansi.

Kutoka asidi hadi bakteria wa kupandikizwa

Asidi zenyewe hazikudumu. Kuanzia miaka ya 1960 zile kali za mwanzo ziliachia nafasi asidi ya fomiki, ambayo kwa asili imo katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Nayo huunguza, lakini ni rahisi zaidi kuitumia, na bado inatumika katika nchi za kaskazini ambako majani huvunwa yakiwa na maji mengi.

Katika sehemu nyingi za dunia, hata hivyo, wafugaji wamegeukia njia ya pili ya kufika pale pale. Badala ya kumwaga asidi, huongeza jeshi la bakteria wanaoitengeneza. Bakteria hao, kama Lactobacillus plantarum na jamaa zake wa kundi la Pediococcus, huzalishwa viwandani, hukaushwa wakawa unga, kisha huchanganywa na maji na kunyunyiziwa kwenye majani yanapokatwakatwa. Kipimo cha kawaida ni bakteria hai wasiopungua 100,000 kwa kila gramu ya majani mabichi. Kutoka molekuli moja ya sukari ya glukosi hutoa molekuli mbili za asidi ya laktiki, bila kupoteza kitu kwa gesi, hivyo pH hushuka haraka kuliko inavyoshuka kwa bakteria wa shambani peke yao.

Baadaye ilionekana kwamba kasi si kila kitu. Saileji iliyohifadhiwa vizuri sana inaweza kupata joto na kuota ukungu siku chache baada ya shimo kufunguliwa, kwa sababu hamira huamka hewa inapoingia na kuila asidi ya laktiki. Tangu miaka ya 1990 umaarufu wa bakteria wa aina nyingine, Lactobacillus buchneri, umekua kwa sababu hiyo. Bakteria hao hugeuza taratibu sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki, ambayo huzuia hamira na ukungu. Mfugaji hupoteza kiasi kidogo cha nguvu ya chakula, na badala yake hupata malisho yanayokaa baridi shimo likiwa wazi.

Kanuni ya Virtanen ndiyo inayoonyesha pia mipaka ya bakteria hao. Hawawezi kufanya kazi bila sukari. Hilo linawahusu moja kwa moja wafugaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa matete ya Napier na nyasi nyingi za nchi za joto zina sukari kidogo kuliko mahindi. Ndiyo maana wengi wao hunyunyizia molasi wanapovundika, iwe shimoni au ndani ya mifuko ya plastiki. Pia bakteria ni viumbe hai: unga ulioachwa juani, au uliochanganywa na maji yenye klorini nyingi, unaweza kuwa umekufa kabla haujafika shambani. Tena hakuna nyongeza, iwe asidi au bakteria, inayofidia shimo lisiloshindiliwa wala kuzibwa vizuri.

Miaka ya mwisho

Tuzo haikumstaafisha Virtanen. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1963 aliongoza akademia ya taifa ya sayansi na sanaa. Katika utafiti alirudia swali lake la tangu ujanani, safari hii kwa ujasiri zaidi: je, ng'ombe anahitaji protini kabisa? Katika majaribio yaliyojulikana sana ya miaka ya 1960, aliwalisha ng'ombe wa maziwa chakula kilichosafishwa ambacho naitrojeni yake ilitoka kwenye urea na chumvi za amonia tu. Vijidudu vya tumboni mwao vilijenga protini kutokana na vitu hivyo, na ng'ombe hao wakatoa maziwa. Kwa mara nyingine viumbe wasioonekana kwa macho ndio waliobeba hoja yake.

Ulaya ya wakati huo ilikuwa imeanza kulalamika kwamba chakula kimezidi mahitaji. Virtanen hakushawishika. Aliuona wingi huo kuwa wa kupita, akaendelea kuamini kwamba dunia ingehitaji kila gramu ya protini inayoweza kuokolewa. Maisha yake binafsi yalikuwa ya kiasi: hakumiliki gari, hakuvuta tumbaku wala hakunywa pombe.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1973 alianguka na kuvunjika mfupa wa paja. Majuma machache baadaye nimonia ilimshinda, akafariki dunia mjini Helsinki tarehe 11 Novemba akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa katika makaburi ya Hietaniemi jijini humo. Jina lake limepewa sayari ndogo inayolizunguka jua na shimo moja juu ya uso wa mwezi. Nchini Ufini, hata hivyo, herufi AIV zimebaki katika kazi aliyoitumikia, kwenye vyombo vya asidi ambavyo wakulima huvitoa ghalani kila majira ya kuvuna majani yanapowadia.